Gulio la mifugo la Jumapili mjini Karakol, Kirgizia: je, linafaa kupangiwa safari?

Mpitanjia

Wapendwa wanajukwaa, salaam. Mwishoni mwa Septemba nitakuwa Bishkek, mji mkuu wa Kirgizia, kwa shughuli za kikazi zitakazomalizika siku ya Ijumaa, na baada ya hapo mke wangu atanifuata ili tukae siku chache kabla ya kurudi. Wageni wengi waendao nchi hiyo hufuata milima na ziwa la Issyk-Kul. Mimi sina ugomvi na milima, lakini kinachonivuta ni gulio la mifugo linalofanyika kila Jumapili mjini Karakol, mashariki mwa ziwa hilo, ambako kondoo, mbuzi, ng'ombe na farasi huletwa kuuzwa kutoka vijiji vya eneo zima. Nimelelewa na watu wa mifugo, kwa hiyo sihitaji kuoneshwa ng'ombe. Ninachotaka ni kuona jinsi watu wa huko wanavyomkagua mnyama, wanavyopatana bei, na wanavyomtambua muuzaji mwaminifu na mlaghai.

Kutoka Bishkek hadi Karakol ni takriban kilomita 400 kwa barabara, na ndiyo maana nauliza kabla ya kufunga mzigo: je, shughuli inayodumu saa chache za asubuhi inatosha kupangiwa safari ya urefu huo? Tuwe pale saa ngapi? Mtu asiye na nia ya kununua hata kwato anasimama wapi katikati ya watu walio kazini bila kuwa kero kwao? Mke wangu angependa kujua kama wanawake huingia humo bila kutazamwa vibaya. Sote wawili tungependa pia kupiga picha, ingawa mimi nasita, kwa sababu najua jinsi wauza mifugo wanavyochukia kuelekezewa kamera na mtu ambaye hata salamu hakuwapa.

Jambo la mwisho ni la chakula. Nasikia mjini humo kuna masoko mazuri ya matunda, asali na vyakula vya maziwa, yakiwemo maziwa ya farasi yaliyochachushwa. Tukipenda kununua kitu cha kubeba, kipi kinaruhusiwa kusafiri nacho? Wakati wa kurudi tutapita Ujerumani na kulala huko siku mbili kwa ndugu.

Bi Mwendo

Ndugu Mpitanjia, gulio hilo linafaa kupangiwa safari, kwa sharti kwamba muwe mmelala Karakol usiku wa Jumamosi. Hakuna njia ya kuondoka Bishkek Jumapili asubuhi na bado mkaliwahi. Mabasi madogo, ambayo wenyeji huyaita marshrutka, huondoka kwenye kituo cha mabasi cha magharibi mjini Bishkek na huchukua saa 6 hadi 7, mengi yakipita ukingo wa kaskazini wa ziwa kupitia Balykchy na Cholpon-Ata. Mkiondoka Jumamosi asubuhi mtafika alasiri, nanyi mtapata muda wa kuzungumza na mwenye nyumba mtakayofikia kuhusu gari la alfajiri. Mwambieni dereva "Mal Bazary", yaani soko la mifugo, na hatahitaji maelezo zaidi. Mahali penyewe pako nje kidogo ya katikati ya mji, na kutembea gizani kando ya barabara inayopitwa na malori ya mifugo ni jambo ambalo singemshauri mtu yeyote.

Biashara huanza kabla jua halijachomoza, na mwishoni mwa Septemba jua la Karakol huchomoza baada ya saa 12 na nusu asubuhi. Anayefika saa 11 na nusu alfajiri, yaani wakati ambapo simu yake itasoma 5:30, atawakuta watu wakishusha kondoo kwenye malori kwa mwanga wa taa za magari. Kufikia saa 3 asubuhi wanyama wazuri wameshapata wenyewe, na baada ya saa 4 hubaki zaidi wale ambao wenye nao wamekataa kupunguza bei. Wageni wengi hufika saa 3 baada ya kifungua kinywa kizuri, kisha huandika kwamba gulio limepooza, jambo ambalo si la haki kwa gulio. Vaeni nguo nzito na viatu virefu visivyoingiza maji, kwa kuwa mji uko kwenye mwinuko wa zaidi ya meta 1,700, alfajiri ya Septemba huwa na baridi kali, na mvua ikinyesha usiku uwanja wote hugeuka tope lililochanganyika na samadi.

Uwanja umegawanyika kwa aina ya mnyama. Kondoo na mbuzi ndio wengi, na hufungwa kwa kamba mmoja baada ya mwingine, vichwa vikiwa vimeelekeana, ili mnunuzi apite nyuma yao akiwapapasa. Tazameni mikono ya wanunuzi. Mtu hupitisha vidole ndani ya manyoya mpaka kwenye uti wa mgongo ili ajue mnyama ana nyama kiasi gani, kisha huunyanyua mkia kwa kiganja kama anayekadiria uzito wake, kwa sababu kondoo wengi wa huko ni wa mkia mnene wa mafuta, na mafuta hayo yana thamani kubwa jikoni. Mdomo hufunguliwa ili meno yaoneshe umri. Ng'ombe hukaa upande wao, na farasi wao pia. Farasi hujaribiwa kwa kupandwa na kukimbizwa katikati ya watu, na kila mtu humpisha bila kuambiwa, kwa hiyo sehemu hiyo si ya kusimama mkiwa mmeinamia simu. Msipite pia nyuma ya farasi aliyefungwa, hata akionekana amesinzia.

Kupatana bei ndiko kunakostahili muda wenu mwingi. Muuzaji na mnunuzi hushikana mkono wa kulia na kuutikisa kwa nguvu huku kila mmoja akitaja bei yake. Anayeona bei haimfai huuchomoa mkono na kugeuka kama anayeondoka, na mwenziwe humvuta arudi. Mara nyingi hujitokeza mtu wa tatu, ama dalali ama jirani tu mwenye ulimi mwepesi, ambaye huikamata mikono yote miwili na kuibana pamoja akiwasihi wakutane katikati. Watazamaji huchangia maoni, huzomea bei ya kupita kiasi, na hucheka. Mikono ikiachana kwa maafikiano, fedha taslimu huhesabiwa hapo hapo na mazungumzo ya mnyama huyo yamekwisha. Sikuona mtu akidai karatasi kwa sababu ya kondoo mmoja. Mnyama huondoka kwa njia yoyote iliyopo, na msishangae kumwona kondoo akiingizwa kwenye buti la gari dogo la zamani, miguu ikiwa imefungwa.

Kuhusu mke wako, mwambie asiwe na wasiwasi. Wengi katika uwanja ni wanaume, lakini wanawake wapo: wengine wamekuja kuuza mnyama wa nyumbani, na wengi huuza chai na samsa, zile sambusa kubwa za kuokwa zenye nyama na vitunguu. Hapo kwenye chai ndipo pazuri pa kuanzia. Mtu aliyeshika kikombe hupewa nafasi ya kusimama na kutazama bila kuulizwa anatafuta nini, na kutoka hapo mnaweza kuuzunguka uwanja kwa pembeni mpaka mzoeleke.

Salamu zitawafungulia njia kuliko kitu kingine. Wanaume husalimiana kwa "assalamu alaikum" na kupeana mikono, wakianza na mzee aliyevaa kofia nyeupe ndefu ya sufi iliyoshindiliwa, iitwayo ak-kalpak, ambayo ufundi wake uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni mwaka 2019. Ukimwelekea mtu kwa heshima, sema "salamatsyzby". Anayejua Kirusi kidogo atapata wa kuzungumza naye. Kuhusu picha, wapigieni wanyama na uwanja mkiwa mbali. Sura ya mtu iombeni kwa ishara kabla ya kuinua kamera, na akitikisa kichwa, piteni.

Mganga wa Mifugo

Bi Mwendo amemaliza habari ya saa na mahali, nami nitaongeza yale ambayo sisi wa taaluma ya mifugo huyatazama kwanza.

Uliza kwa nini kondoo wa mkia wa mafuta wametawala uwanja, na utakuwa umeuliza historia ya nchi. Katika enzi ya Kisovieti wafugaji wa Kirgizia walikuwa chini ya mashamba ya pamoja na ya serikali, na kondoo aliyetiliwa mkazo alikuwa wa sufi laini, kwa sababu sufi yake ilikuwa na viwanda vya kuipokea ndani ya Muungano wa Kisovieti. Baada ya uhuru wa mwaka 1991 mashamba hayo yalivunjwa, soko la sufi likaanguka, na kondoo wakawa ndio fedha za kununulia unga, mafuta na dawa. Idadi yao ilishuka kutoka karibu milioni 10 hadi chini ya milioni 4 katikati ya miaka ya 1990. Kundi lilipoanza kujengwa upya, kila familia ilitafuta mnyama wa nyama anayenenepa haraka malishoni, na ndipo damu ya kondoo wakubwa wa mkia mnene, kama Hisari wanaotoka upande wa Tajikistani, ilipoenea.

Mwishoni mwa Septemba ni majira mazuri ya kwenda. Familia hupanda na mifugo hadi malisho ya juu, yanayoitwa jailoo, mwanzoni mwa kiangazi, na hushuka baridi inapoanza kubisha hodi. Wakishashuka, kila mwenye mifugo hupiga hesabu moja: nyasi kavu alizohifadhi zitalisha wanyama wangapi hadi majira ya kuchipua? Wanaozidi hesabu hiyo hupelekwa gulioni wakiwa bado wanene. Kwa hiyo mtakachokiona hapo ni akiba ya kaya ikitolewa, na ndiyo sababu mtu anaweza kubishana nusu saa nzima kwa tofauti ndogo ya bei. Kondoo huyo anaweza kuwa makaa ya mawe ya kipindi chote cha baridi, au sehemu ya gharama za harusi.

Sasa afya. Kirgizia ni miongoni mwa nchi zilizowahi kuripoti viwango vya juu kabisa duniani vya brusela kwa binadamu, ugonjwa ambao kwa wanyama huonekana zaidi kwa kutupa mimba. Kampeni ya kuwachanja kondoo na mbuzi kwa matone ya macho imeipunguza sana, lakini haijaimaliza. Binadamu huupata hasa kwa kunywa maziwa mabichi, kula jibini bichi, au kushika kondo la nyuma na majimaji ya mnyama aliyezaa au kutupa mimba. Kumpapasa kondoo mgongoni ni jambo la hatari ndogo, ilimradi huna kidonda mkononi na utanawa kwa sabuni kabla ya kugusa samsa. Usimwinamie mnyama anayekohoa, na usimguse aliyelala chini huku watu wakimkwepa. Mbwa wa gulioni msiwazoee pia, kwa sababu ya kichaa cha mbwa na kwa sababu ya minyoo ya tegu ambayo mayai yake, yakiingia tumboni mwa binadamu, hutengeneza uvimbe wa maji kwenye ini au mapafu.

Kuhusu maziwa ya farasi, yaani kymyz, jueni mambo mawili. Hayachemshwi, na uchachu haupaswi kuhesabiwa kuwa unaua vimelea vyote. Pili, uchachushaji wake huzaa kilevi kidogo, na ingawa Wakirgizi wengi ni Waislamu na huyanywa bila kusita, kila mtu ana haki ya kujua kilichomo kabla ya kupokea bakuli. Msimu wake mkubwa ni kuanzia Mei hadi Agosti, hivyo mtakapofika utakuwa unaelekea ukingoni.

Ikiwa baada ya kurudi mmoja wenu atapata homa inayopanda na kushuka, jasho jingi la usiku na maumivu ya viungo au ya mgongo, mwelezeni daktari kwamba mlikuwa kwenye gulio la mifugo na mtaje nchi. Dalili za brusela zinaweza kuchelewa wiki kadhaa, na anayezipata akiwa katika nchi yenye malaria hutibiwa malaria mara mbili au tatu kabla mtu hajafikiria kitu kingine.

Viatu ni suala kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Ugonjwa wa miguu na midomo hausumbui binadamu, lakini virusi vyake husafiri vizuri kwenye tope la soli na pindo la suruali. Sugueni viatu kwa brashi na maji ya sabuni siku hiyo hiyo, hadi mianya ya soli iwe safi, kisha vipakeni dawa ya kuua vimelea kama mnayo. Wewe uliyelelewa na watu wa mifugo nakuomba zaidi: usiende kwenye zizi la nyumbani moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege. Jipe siku kadhaa, na nguo zote ziwe zimefuliwa. Ipo pia nchi ambayo fomu yake ya kuingilia huuliza waziwazi kama umegusa mifugo au umefika shambani. Marekani, Australia na New Zealand zote huuliza. Jibu ni "ndiyo". Kwa kawaida ofisa hutazama viatu tu na kukuruhusu, ilhali kuficha huleta faini.

Msemakweli

Nitapingana na Bi Mwendo katika suala la picha. Kumwomba mtu ruhusa wakati mkono wake uko ndani ya mkono wa mnunuzi ni kumkatiza mahali pabaya kabisa, hata ukiomba kwa tabasamu. Anayejadili bei ya ng'ombe anasoma uso wa mwenziwe, na mgeni mwenye kamera akijitokeza, wote wawili hubadili sura. Ushauri wangu ni kwamba saa nzima ya kwanza kamera ikae mfukoni. Baada ya hapo ombeni picha kwa wale walioshamaliza shughuli, hasa aliyeuza, kwa kuwa huyo ana fedha kibindoni na hana haraka. Utashangaa ni wangapi watakaotaka kupigwa picha pamoja nawe, tena wao ndio watakaoanza. Mgeni kutoka Afrika si mtu anayeonekana kila wiki mjini Karakol, na simu zitatolewa kukuelekea wewe. Kubali kwa moyo mweupe. Huwezi kudai haki ya kuwatazama watu halafu ukanuna wakikutazama.

Mke wako aandaliwe pia kwa namna wanyama wanavyoshikwa. Kondoo huburutwa kwa mguu, ndama hupigwa fimbo ili apande lori, na farasi wengi mtakaowaona watachinjwa, kwani nyama ya farasi ni chakula cha heshima kwenye misiba na sherehe. Simhukumu mtu hapo, lakini namshauri asiyeweza kuyavumilia hayo abaki kitandani badala ya kwenda kuwakunjia uso wenyeji.

Kuhusu kusita kwako kama mtazamaji, mimi naona kuna dawa rahisi, nayo ni kununua kitu. Pembeni mwa uwanja huuzwa kamba, hatamu, kengele, viatu vya farasi na mijeledi mifupi iitwayo kamchi. Kamba nzuri ya mifugo haina uzito mzigoni, na inampa mgeni sababu ya kweli ya kusimama na kuuliza bei.

Mpitanjia

Nawashukuru wote, na nimekubali hoja ya kamera kukaa mfukoni. Nimebaki na maswali mawili. La kwanza, nifanye nini muuzaji akinikazia macho na kunitajia bei, au akinikamata mkono kabisa? Nikicheka na kumtajia bei ya chini, kama ambavyo watu hutaniana, nitakuwa nimekosa? La pili, tukitoka gulioni saa 3 au 4 asubuhi, mazao tuyatafute wapi, na kipi hasa kinastahili kuonjwa?

Bi Mwendo

Usitaje bei, ndugu yangu, hata kwa utani. Gulioni tarakimu iliyotoka mdomoni ni ofa, na mkono ulioshikwa huku tarakimu ikitajwa ni nusu ya mkataba. Muuzaji akikubali utani wako, utalazimika kueleza mbele ya watu kumi kwa nini ulimpotezea muda, na lugha ya kujieleza huna. Akikukamata mkono, upokee kwa salamu, weka mkono wa kushoto kifuani, sema "rakhmat", yaani asante, kisha uondoe mkono wako taratibu. Ishara hiyo inaeleweka. Kuuliza bei tu kunaruhusiwa ikiwa hakuna mnunuzi karibu, na wengi hufurahi kukueleza. Lakini mnunuzi wa kweli akiwa amesimama hapo, nyamaza, kwa sababu swali lako linaweza kumpandishia au kumshushia mtu bei bila wewe kujua.

Namuunga mkono Msemakweli kuhusu saa ya kwanza bila kamera, ila sikubaliani naye kwamba asiyevumilia abaki kitandani. Anaweza kukaa upande wa wauza chai na wa vifaa vya farasi, ambao hauna lolote la kuumiza macho.

Mkimaliza, rudini mjini mkiwa na njaa na mwende soko dogo la katikati, lenye uchochoro mzima wa wauza ashlan-fu. Ni bakuli la tambi baridi zenye vipande vya wanga ulioganda kama jeli, mayai, siki na pilipili, na huliwa pamoja na mkate wa kukaanga wenye viazi ndani. Chakula hicho ni cha Wadungani, Waislamu wenye asili ya Kichina waliovuka milima kuja huko mwishoni mwa miaka ya 1870 wakikimbia maangamizi yaliyofuata uasi wao. Msikiti wao wa mbao, uliokamilika mwaka 1910 na kujengwa bila misumari ya chuma, uko umbali mfupi kutoka hapo, na kwa mtu anayepita Karakol kwa siku moja singekubali aukose.

Katika mazao, mwishoni mwa Septemba ni zamu ya tufaha, peasi, viazi na vitunguu saumu, vyote vya mkoa wa Issyk-Kul wenyewe. Aprikoti za ukingo wa kusini wa ziwa zitakuwa zimeshakaushwa, na muuzaji hatakasirika mkionja kutoka malundo mawili au matatu kabla ya kuchagua; chagueni zilizokunjamana na kuwa nyeusi kidogo kuliko zile za rangi ya machungwa inayong'aa, ambazo kwa kawaida zimefukizwa salfa ili zipendeze. Jozi hutoka zaidi upande wa kusini mwa nchi, ambako kuna misitu yake ya asili huko Arslanbob. Mtaona pia meza za kachumbari za karoti na kabichi zenye pilipili nyingi, zinazouzwa na Wakorea, ambao wazee wao walihamishwa kwa nguvu na Stalin mwaka 1937 kutoka mashariki ya mbali na kutawanywa Asia ya Kati. Kurut, vile vidonge vyeupe vya mtindi uliokaushwa, vina chumvi nyingi mno. Nunueni kimoja kwanza kabla hamjanunua kilo.

Mganga wa Mifugo

Kurut hizo ziishie huko huko, kwa sababu mnapita Ujerumani. Umoja wa Ulaya hauruhusu abiria anayetoka nchi kama Kirgizia kuingiza nyama wala chakula cha maziwa, hata kikiwa kikavu na hata kikiwa kidogo. Kwa hiyo jibini na soseji za farasi pia zisiingie mzigoni. Asali inaruhusiwa hadi kilo 2 kwa kila mtu, na hiyo ndiyo ningeibeba mimi. Matunda mabichi huhitaji cheti cha afya ya mimea, isipokuwa machache ya nchi za joto kama ndizi na nanasi, kwa hiyo tufaha zimalizeni safarini. Kabla ya kuondoka angalieni pia masharti ya nchi mnayorudi, kwani nyingi hudai kibali kwa kila kilichotokana na mnyama, na asali imo. Kamba mtakayonunua gulioni iwe mpya. Ile iliyokwisha kufungwa mnyama, hata ikiuzwa kwa bei ya bure, ina mate na samadi isiyosafika kirahisi. Na asali iingie kwenye mzigo unaopelekwa chini ya ndege, imefungwa kwa mifuko miwili, maana mzigo wa mkononi ukikaguliwa, asali huhesabiwa kuwa kimiminika na chupa kubwa hutupwa mbele ya macho yenu.